Mwanangu anataka kunitumia mashine ya kukatia nyasi, lakini kwangu ni mteremko

Kaka Fundi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi wilaya ya Muheza, njia ya kupandia Amani. Marehemu mume wangu aliniachia ekari saba na vyumba vinne vya wageni alivyovifikisha kwenye lenta, Mungu akamchukua. Nimevimalizia kwa kiinua mgongo changu. Wageni wanakuja, si wengi, lakini wanakuja: watu wa Dar wanaokimbia joto, na Wazungu wenye darubini wanaoamka alfajiri kutafuta ndege.

Kinachonitoa jasho ni nyasi. Juu, penye nyumba, pamekaa vizuri, tulipanda nyasi za Pemba na ukoka umejichanganya wenyewe. Kuanzia kwenye vyumba vya wageni ardhi inashuka taratibu, na ukishapita migomba inashuka kwelikweli mpaka kijitoni. Huko chini ni majani marefu, mengine yananipita kimo. Kijana wangu wa kazi anafyeka kwa kwanja, huu ni mwaka wa tisa. Mwaminifu, hanywi, lakini masika akimaliza kona moja, ile aliyoanzia imeshaota tena. Mwaka jana kiuno kilimshika nikamuuguza wiki tatu.

Sasa ndugu zangu wamenizunguka, kila mmoja na mashine yake. Mwanangu yuko Chicago, Marekani. Ananiambia, "Mama, huku mtu mwenye ekari saba hafyeki, anakaa." Amenitumia picha ya mashine ya jirani yake: haina usukani, ina vishikio viwili kama makasia, na inageuka palepale iliposimama. Anasema atanunua iliyotumika, aiweke kwenye kontena pamoja na vitu vya wenzake, iteremkie bandari ya Tanga. Shemeji yangu wa Tanga mjini naye ameona nyingine yadini, ya mtumba, ina usukani kama katrekta kadogo, nyuma ina kikapu cha kukusanyia nyasi. Bei yake ni bodaboda mbili mpya na chenji. Ameikalia, ameizungusha yadi nzima, anasema inakwenda kama maji, nilipe kabla haijachukuliwa. Mdogo wangu wa kike, ambaye hakuna aliyemuuliza, anasema ninunue mbuzi kumi nikalale.

Hofu yangu ni huo mteremko. Marehemu alikuwa akisema kule chini hata ng'ombe hushuka kwa adabu. Mashine ya kukalia itapanda? Ikipanda, itashuka salama? Na mjukuu wangu wa miaka saba ameshaniambia atakaa mapajani kwa kijana waendeshe pamoja. Halafu huyo kijana: nikileta mashine, majirani watasema nimemtupa baada ya miaka tisa.

Fedha ninayo ya kununua mara moja. Nikikosea sina nyingine. Niambie ninunue ipi.

Mwalimu Mstaafu, Muheza

*

Marahaba, Mwalimu.

Barua yako ina ekari, ina bei, ina mpaka maoni ya mdogo wako. Imekosa kitu kimoja tu, nacho ndicho kinachochagua mashine: mteremko wako ni mkali kiasi gani. "Unashuka kwelikweli" ni maneno ya mtu anayepanda na ndoo kichwani, si kipimo. Ndiyo maana nilikupigia simu nikakutuma kazi. Nawaeleza na wasomaji wengine wenye maeneo ya milimani, kuanzia Muheza hadi Lushoto, maana haichukui nusu saa.

Tafuta ubao ulionyooka wa mita 2, azima pimamaji kwa fundi ujenzi, na futikamba. Weka ncha moja ya ubao chini kwa upande wa juu wa mteremko. Ile ya upande wa bonde iinue mpaka povu la pimamaji likae katikati. Sasa pima kutoka ncha hiyo iliyo hewani hadi ardhini. Ukipata sentimita 35, mteremko wako ni nyuzi 10. Sentimita 54 ni nyuzi 15. Sentimita 73 ni nyuzi 20. Pima pale panapokutisha, usipime pale unapopapenda.

Majibu yako nimeyaweka hapa mezani (kijana alishika ubao, wewe ukaandika, ualimu hauishi). Uwanja wa juu: sentimita 22. Kati ya vyumba na migomba: 41. Chini ya migomba: 80. Kwa nyuzi ni 6, karibu 12, na karibu 22. Kwa hiyo Mwalimu wewe huna shamba moja la ekari saba. Una mashamba matatu yaliyopakana, na kila mmoja wa ndugu zako amekuwa akikushauri kuhusu lile lililo kichwani mwake.

Vitabu vya mashine hizi za kukalia, karibu vyote, vinaweka mpaka kwenye nyuzi 15, na baadhi husimama kwenye 10. Kule chini kwenye 22, mjadala wa kukaa umekwisha. Watu hudhani mpaka huu unatokana na nguvu, kwamba injini kubwa zaidi itaweza. Injini itaweza, na hapo ndipo inapokuulia. Mashine yenye nguvu itapanda vizuri tu, mbele kunyanyuke, usukani uwe wa pambo, au ishuke huku magurudumu yamefunga breki na nyasi chini yake zinateleza kama sabuni. Kinachopindua ni mahali uzito unapoangukia, na uzito wa dereva aliyekaa juu ya kiti nao umo kwenye hesabu. Kwenye nchi ambako mashine hizi zimejaa, katika vifo vinavyotokana nazo, vinavyoongoza ni vya kupinduka.

Zipo mashine zilizoundwa kwa ajili ya milima: magurudumu manne yote yanavuta, mengine yamewekwa pachapacha, nyingine za minyororo zinaendeshwa kwa rimoti dereva akiwa amesimama pembeni. Zipo zinazoruhusiwa hadi nyuzi 30 na zaidi. Bei zake tuwaachie wenye barabara kuu na viwanja vya ndege.

Nianze na ya mwanao. Inaitwa ziro-tani, na tani hii si ya uzito, ni kugeuka. Kila gurudumu la nyuma lina haidroliki yake, unasukuma kishikio hiki linakwenda mbele, unavuta kile lingine linarudi, mashine inazunguka kama pia. Ya mbele hayaendeshwi na chochote, yanafuata tu, kama magurudumu ya kitanda cha hospitali. Ina maana kwenda, kukata kona na kusimama, vyote vitatu vinategemea mshiko wa matairi mawili ya nyuma. Kwenye nyasi kavu na ardhi tambarare haina mpinzani, inamaliza kazi wakati mwenzake anatafuta pa kugeuzia. Kwenye mteremko wenye unyevu, tairi moja likiteleza, pua inaelekea bondeni yenyewe, na ukivuta vishikio unavuta hewa. Zipo zenye usukani unaogeuza na magurudumu ya mbele, hizo zina afadhali, ila si hiyo uliyonionyesha.

Wala mwanao hana kosa. Chicago na mashamba yaliyoizunguka ni tambarare kama mkeka, anashauri kwa ardhi anayoikanyaga. Ila Amani mvua huzidi milimita 1,800 kwa mwaka, ukungu unalala mpaka asubuhi imepevuka, na umande wa kwenu nimewahi kuukuta saa nne bado haujatoka. Mashine ile ingekufaa kwenye uwanja wa juu peke yake, na hapo ungekuwa umelipia meli na forodha kwa ajili ya theluthi ya eneo. Mwambie asiitume.

Ya shemeji, ndiyo. Lakini ndiyo yangu ina masharti, na naomba shemeji asome mwenyewe, maana kuizungusha yadini kwenye zege hakukuthibitisha lolote isipokuwa kwamba ina petroli.

Nitakueleza kisa changu ili uelewe kwa nini sharti la kwanza ni la kwanza. Nilipokuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, meneja mmoja alikuwa na mashine ya kukalia kwa ajili ya bustani ya nyumba yake, iliyokuwa juu ya kilima. Chini ya kiti cha mashine hizi kuna swichi: dereva akinyanyuka visu vikiwa vinazunguka, injini inazima. Mtunza bustani akawa analalamika kwamba kila akishuka kuokota tawi inamzimikia. Nikakata waya mbili, nikaziunganisha moja kwa moja, nikapewa soda na shukrani. Wiki chache baadaye nikaitwa kurekebisha mkanda, nikamaliza, nikapanda kujaribu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nyasi zimelowa. Nikakata kwa ubavu wa kilima kwa sababu ndiyo ilikuwa njia fupi. Gurudumu la upande wa juu likawa jepesi, na jambo hilo unalisikia kwa makalio kabla halijafika kichwani. Nikaruka. Mashine ikaendelea na safari yake bila mimi, visu vinalia, maana waya niliziunganisha mwenyewe, ikaenda kugonga mwembe. Chini ya mwembe ule, ikifika saa nne, ndipo walipokuwa wakichezea watoto wa watumishi. Nilizirudisha waya siku ileile bila kumwambia mtu.

Mashine nyingi za mtumba zinafika, au zinauzwa, swichi hiyo ikiwa imeshaunganishwa na fundi kama mimi. Shemeji awashe, aingize visu, kisha anyanyue makalio kidogo bila kuteremka. Injini izime papo hapo na visu visimame ndani ya sekunde 5. Isipozima, muuzaji airudishe kama ilivyotoka kiwandani mbele ya macho yake, au mguu wako usikanyage yadi ile.

Pili ni gia. Nyingi za sasa hazina gia za kuingiza, zina haidroliki, unakanyaga pedali inakwenda. Haidroliki iliyochoka ina ujanja mmoja: ikiwa baridi ina nguvu kama mpya, ikipata moto inalegea. Shemeji aliizungusha dakika ngapi? Aende ikiwa baridi, aguse injini kwa mkono kuhakikisha haikuwashwa kabla hajafika, aiendeshe nusu saa nzima, ndipo apande nayo mwinuko. Tanga mjini miinuko ni ya kutafuta kwa tochi, lakini yadi nyingi zina ule wa kupakilia magari. Apande taratibu, asimame katikati, aachie pedali. Ikiteleza kurudi nyuma, ndivyo itakavyofanya nyuma ya vyumba vyako, wageni wakiwa wanakunywa chai. Kisha afunge breki ya mkono aone kama inashika.

Injini aiangalie ubavuni kama ina filta ya oili, ile ya kuzungusha kama ya gari. Ikiwa nayo, mara nyingi ina pampu inayosukuma oili kila mahali. Zile ndogo zisizo na pampu hutegemea kijiko kinachorusha oili ndani ya injini, na injini ikiinama kwa muda mrefu kijiko kinachota hewa. Haitakuonya. Itakwenda miezi kadhaa kisha injini itakwama. Hata yenye pampu, oili usiiache ishuke chini ya alama, mteremkoni upungufu mdogo ni mkubwa.

Kile kikapu cha nyuma ambacho nadhani ndicho kilichompendeza shemeji, king'olewe na kiwekwe stoo. Kikijaa nyasi mbichi kinavuta uzito nyuma na juu, na mashine ikipanda mbele kunakuwa kwepesi. Nyasi zilizokatwa ziache hapohapo, ni mbolea na ni blanketi la udongo wako. Matairi ya kushoto na kulia yawe na upepo sawa. Kama ina fremu ya chuma ya kumkinga dereva ikipinduka, mkanda wa kiti ufungwe kila siku; kama haina fremu, mkanda usifungwe kabisa, maana utamfunga dereva chini ya mashine. Hizi ndogo kwa kawaida hazina.

Ikifika nyumbani, uwanja wa juu hauna cha kufundishwa. Eneo lile ni kama ekari mbili na nusu, karibu mita za mraba 10,000. Mashine inayokata upana wa mita moja ikitembea kilomita 5 kwa saa, weka na kugeuka na kukwepa maua yako, ni asubuhi moja, kazi ya muda wa saa tatu. Hivi sasa kijana anapamaliza kwa siku ngapi?

Ukanda wa katikati, ule wa nyuzi 12, ndio unaotaka sheria. Kwanza uondolewe mawe, visiki na vichuguu, kimoja kimoja, maana gurudumu la juu likipanda kichuguu nyuzi 12 zinakuwa 18 kwa sekunde moja, na gurudumu la chini likiingia shimo ni vivyo hivyo. Kisha mashine ya kukalia ipande na kushuka moja kwa moja. Isikate kwa ubavu wa kilima. (Ya kusukuma kwa mkono ni kinyume chake: hiyo huenda kwa ubavu, ili ukiteleza isikuangukie wala miguu yako isiingie chini yake. Nimeona watu wakizichanganya hizi mbili na wana vidole tisa.) Kushuka ni kwa mwendo wa pole, mguu kwenye pedali, bila kuiachia ijiendee yenyewe. Kugeuka kufanyike juu, penye nafuu. Karibu na migomba, pale ardhi inapovunjika, acha nafasi ya upana wa mashine mbili bila kukatwa. Hapo atamalizia kwa mkono. Na kuna jaribio moja la kabla ya yote, lifanyike visu vikiwa vimezimwa na nyasi zimekauka: mashine ijaribu kupanda ukanda ule kinyumenyume. Isipoweza kurudi nyuma kupanda, haina ruhusa ya kukata pale, na hilo halina rufaa.

Nimesema nyasi zimekauka, na hapa nakuomba ukae chini. Masika, Machi hadi Mei, nyasi zako zinakua kuliko wakati wowote, na ndipo mashine hii itakuwa bandani kwa sababu kumelowa. Zikipita urefu wa shubiri, visu vyake vinakabwa, kwa kuwa mashine hizi zilizaliwa kukata bustani zinazonyolewa kila wiki, hazikuzaliwa kufyeka pori. Ndugu zako wote wawili wamekuhesabia ekari, hakuna aliyekuhesabia mvua. Kwa hiyo kabla ya mashine ya kukalia kuna mashine ya kununua kwanza, ile ya kufyekea ya kubeba begani, yenye mikanda ya mabega yote mawili. Fedha yake ni sehemu ndogo ya ile nyingine, na mafundi wake wamejaa, hata wa bodaboda anaijua.

Hiyo ndiyo ya kule chini pia. Nyingi za aina hii injini yake inachanganyiwa oili ndani ya petroli, na kwa sababu oili inasafiri na mafuta yenyewe haijali imeinama vipi. Soma kibandiko chake: ikiandikwa 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, ikiandikwa 25 kwa 1, mililita 40. Oili iwe ya injini za aina hiyo, si ile ya gari. Kijana avae buti, miwani na kinga ya uso, na mtu yeyote asimkaribie kwa mita 15, kwani kokoto inayorushwa na kisu haiulizi jina.

Ila kusema kweli, sioni kwa nini kule chini pafyekwe pote. Nani anapaona? Udongo wa nyuzi 22 ukinyolewa kwa mvua za kwenu, utaukuta kijitoni. Vijito vya huko vinaingia mto Zigi, Zigi unaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko yanakotoka maji ya bomba tunayokunywa huku Tanga mjini, kwa hiyo hapa nina maslahi binafsi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, basi ukanda wa kijitoni uache upumzike na miti yake. Petroli wala oili isijazwe huko, ijazwe juu, injini ikiwa imepoa.

Panapobaki, fyeka njia ya kupita na vipande vipande, ukiacha mistari ya majani inayokata mteremko kwa ubavu ili maji yajikwae. Panda mikarafuu na midalasini, pilipili manga ipandie miti iliyopo. Wenyeji wako wa Amani wanaijua kazi hiyo kuliko mimi, na wageni wenye darubini watakulipa kutembezwa humo. Majani mengine waite wafugaji. Muheza haikosi watu wenye ng'ombe wa maziwa wa bandani wanaotembea na baiskeli wakitafuta majani ya kukata. Wape siku zao, wakate na kubeba, wakuletee samadi. Mdogo wako alikuwa karibu na ukweli, alikosea mnyama. Mbuzi hakati nyasi, anachagua: atakula miche ya mikarafuu, atakula maua ya wageni, ukoka atauacha wa mwisho. Ng'ombe wa jirani anakula analoletewa, kwa jirani.

Sasa kijana. Majirani watasema umemtupa kama ukimtupa. Mimi naona ndiye dereva wa mashine hii, si mtoto wa shemeji wala mwingine yeyote. Miaka tisa ametembea kila hatua ya eneo lile kwa mguu na kwanja. Anajua jiwe liko wapi na wapi panateleza. Mtu asiyejua ardhi, umfundishe mashine mwaka mzima, bado atapita juu ya kisiki. Mtafutie fundi wa kukaa naye siku mbili, funguo akae nazo yeye mmoja, na mshahara uongeze, kwa sababu unampa kazi yenye hatari mpya, hata kama kiuno kitapona.

Mjukuu hakai mapajani kwa mtu. Hata kwenye uwanja wa juu, hata mashine ikiwa imezimwa kwa picha, kwani akishakaa siku moja atakuwa anaikimbilia kila akiisikia, na dereva anayerudi nyuma hamwoni mtoto wa kimo kile. Ikiwaka, yeye yuko ndani na bibi yake.

Umenieleza kwenye simu kwamba mwanao atajisikia vibaya tukimkatalia. Kontena liko palepale, basi nawe una kitu cha kumwagiza. Chini ya kiti cha mashine ya yadini kuna kibandiko chenye namba ya modeli. Shemeji akipige picha atume Chicago kabla hajalipa. Kwa namba hiyo mwanao atafute seti mbili za visu, mikanda yote inayozungusha visu na ule wa gia, filta za oili na za hewa, na bakuli za beringi zinazoshika visu. Hapa Tanga mkanda wa kufanana utaupata, lakini wa kufanana hukatika siku ya wageni. Akikuta kwamba spea za modeli hiyo hazitengenezwi tena, amwambie shemeji siku hiyohiyo, na mashine hiyo aachiwe mwingine mwenye haraka. Akizipata, azifunge kwenye boksi dogo, na juu yake aandike jina lako wewe, Mwalimu. Asiandike la shemeji.